Kabla ya kurudi kazini moja kwa moja, jaribu kazi ya muda

Mzazi aliyekaa nyumbani na mtoto akiniuliza kama arudi kazini, simjibu ndiyo wala hapana. Namwambia atafute kwanza kazi yenye tarehe ya kuisha: kushika nafasi ya mtu aliye likizo, kusaidia duka msimu wa mauzo, kusahihisha mitihani, kuhesabu mali ghalani. Mimi nilishika nafasi ya karani aliyekwenda kujifungua, na ile tarehe kwenye mkataba ndiyo iliyonipa moyo wa kutoka. Muda ule mfupi unatosha kukuonyesha nyumba yako inakwendaje wewe ukiwa haupo.

Usitazame mshahara, tazama kitakachobaki. Toa malipo ya mlezi, nauli, chakula cha mchana na nguo za kazini. Toa pia siku ambazo mtoto ataugua, maana anayeanza kukaa na wenzake kituoni hupata mafua mara kwa mara miezi ya mwanzo, na vibarua wengi hawalipwi siku wasiyofika. Kikibaki kidogo, kazi bado inaweza kukufaa kama unachotafuta ni uzoefu, ila ulijue hilo kabla ya kusaini. Suala la saa za ziada liulize waziwazi, ni hiari au lazima. Mlezi naye ana kwake pa kurudi.

Kwa mtoto, umri una uzito wake. Tangu miezi 8 hivi hadi mwaka mmoja na nusu, wengi hulia sana wakiachwa. Ni hatua ya kawaida ya kukua, wala si dalili kwamba umemtupa. Mlete mlezi mapema, wazoeane wewe ukiwepo. Kisha toka kwa muda wa saa moja, kisha nusu siku. Na tafadhali usimtoroke. Mimi nilikuwa nachuchumaa mlangoni, namwambia, “Mama anakwenda kazini, atarudi ukishaamka usingizi wa mchana,” nambusu, naondoka. Alilia, na moyo uliniuma kwelikweli. Lakini kabla sijapanda gari, ujumbe wa mlezi ulikuwa umeshaingia: amenyamaza, anagonganisha vifuniko vya sufuria.

Kama unanyonyesha, kazi ya muda haikulazimishi kuacha. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha kunyonyesha kuendelee pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku 4 kwenye friji. Muulize msimamizi mapema utakamulia wapi, na chooni usikubali. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unampa mama anayenyonyesha mapumziko ya kila siku yanayohesabiwa kuwa saa za kazi na kulipwa, kwa nchi zilizouridhia.

Kwetu kilichokuwa kigumu ni jioni. Unaingia umechoka, mtoto anakutaka wewe tu, na jikoni hakujawashwa moto. Tulikubaliana na mwenzangu kwamba anayetangulia kufika anapika, na mimi nikiingia naweka mkoba na simu juu ya kabati, nakaa sakafuni na mtoto mpaka yeye mwenyewe aniache na kurudi kwenye michezo yake. Vyombo vingesubiri.

Mkataba ukifika katikati, kaeni chini mzungumze: nani analala vizuri, nani amechoka, fedha zimebaki kiasi gani, mtoto anakula? Msisubiri wiki ya mwisho. Waliponipa nyongeza ya mkataba niliomba nusu siku, saa za asubuhi, kwa sababu tulikuwa tumeshaona kwamba kinachotubana ni jioni.