Maswali ya Wasomaji: Biti Zinazoungua, Zinazolika na Zinazokatika

Safari hii barua nyingi zilihusu biti: za kutobolea na za kufungia skrubu. Zilizouliza jambo moja tumezijibu kwa pamoja.

SWALI: Natengeneza mageti na fremu. Biti zangu za rangi ya dhahabu zinatoboa chuma laini vizuri, lakini nikigusa stenlesi ya milimita 3 zinaungua ncha kabla sijamaliza tundu la pili. Nihamie kobalti?

JIBU: Ndiyo, fundi, lakini kobalti peke yake haitakuokoa usipopunguza kasi ya mashine.

Hiyo rangi ya dhahabu ni ganda la titani naitraidi, unene wake mikroni chache tu. Juu ya chuma kizuri linapunguza msuguano na biti inadumu zaidi. Juu ya chuma duni ni pambo. Isitoshe, ukiinoa biti mara moja tu, ganda limeshaondoka penye makali, yaani pale pale ulipolihitaji.

Kobalti si ganda, imo ndani ya chuma chenyewe. Aina ya M35 ina takriban asilimia 5, na M42 asilimia 8. Kwenye shina tafuta maandishi HSS-Co, au HSS-Co5 na HSS-Co8 (HSS ni chuma cha kukatia kwa kasi, ndicho cha biti nyingi). HSS ya kawaida huanza kulegea joto la ncha likikaribia nyuzi 600 za Selsiasi. Yenye kobalti inavumilia zaidi, na unaweza kuinoa hadi iishe bila kupoteza sifa yake. Ubaya wake ni kwamba haipendi kupindwa. Mkono ukiyumba, biti nyembamba ya M42 inakatika upesi kuliko HSS ya kawaida, kwa hiyo kwa kazi ya mkononi M35 inatosha.

Sasa kasi. Stenlesi ina tabia ya kukomaa inaposuguliwa: biti ikizunguka bila kukata, sehemu ile inakuwa ngumu kuliko sahani yenyewe, na hapo hata biti mpya itateleza. Chukua kasi ya kukatia kwa mita kwa dakika, zidisha kwa 1,000, kisha gawa kwa kipenyo cha biti kilichozidishwa kwa 3.14. Kwa HSS, chuma laini kinataka mita 25 hivi, na stenlesi mita 10. Biti ya milimita 6 basi izunguke kama mara 1,300 kwa dakika kwenye chuma laini, lakini 530 tu kwenye stenlesi. Drili ya umeme ikibanwa swichi hadi mwisho huweza kufika 2,800. Ndipo biti inapoungua.

Tia mafuta ya kukatia, kandamiza kwa nguvu tangu mwanzo, na usiiache biti ikazunguka juu ya chuma bila kula. Ama inakata, ama umeinyanyua. Tazama chenga: zikitoka ndefu zimejikunja, uko sawa, zikitoka kama unga, biti inasugua. Ukikaribia kutokea upande wa pili punguza mkandamizo, maana hapo ndipo biti inanasa na kukatika. Senta panchi, kile kichuma cha kutia alama ya tundu, nayo uigonge kidogo tu, kwa kuwa pigo zito nalo linakomaza stenlesi. Biti yenye ncha ya digrii 135 iliyochongwa msalaba haitangitangi inapoanza, kwa hiyo mara nyingi haihitaji alama nzito wala tundu dogo la kutangulia. Ile ya digrii 118 ni ya chuma laini, alumini na mbao.

SWALI: Biti za kufungia skrubu kwa mashine ya impakti zinalika ncha haraka, na skrubu nazo zinalika vichwa. Nimejaribu aina nyingi. Ipi ngumu kuliko zote?

JIBU: Usiitafute ngumu kuliko zote. Impakti haisukumi mfululizo kama drili. Inagonga kwa mzunguko, na mashine nyingi hutoa mapigo 3,000 na zaidi kwa dakika. Biti iliyokomazwa kupita kiasi inapasuka ncha kwa mapigo hayo, na laini inajipinda. Inayofaa imeandikwa kuwa ni ya impakti. Nyingi hutengenezwa kwa chuma cha S2, na zina kiuno chembamba katikati kinachojisokota kidogo kila pigo linapokuja, kikapunguza mshtuko usifike nchani.

Hata hivyo, ukituuliza sisi, tatizo lako huenda si chuma bali umbo. Vichwa vya nyota viko vya aina mbili vinavyofanana sana, PH (Phillips) na PZ (Pozidriv). Kitazame kichwa cha skrubu: ukiona mistari minne midogo katikati ya mikono ya msalaba, hiyo ni PZ. Isipokuwepo, ni PH. Biti ya PH2 ndani ya skrubu ya PZ2 inaingia, inachezacheza, kisha inakula kila kitu, biti na skrubu. Biti ya PZ kwenye skrubu ya PH haikai hadi chini. Skrubu nyingi za mbao na za ubao wa chembe ni PZ2, za ubao wa jasi ni PH2. Hatushangai mtu akichanganya, kwa sababu pakiti nyingi za biti huuzwa PH tupu.

PH ina kasoro nyingine: kuta zake zimelala kama mteremko, hivyo nguvu ikizidi biti inajisukuma nje. Kukandamiza mashine kwa uzito wa mwili kunasaidia, lakini kuna mwisho wake. Kama uchaguzi wa skrubu ni wako, nunua za Torx, zenye tundu la nyota ya ncha sita. Kuta zake zimesimama wima na biti haitoki. Kwa skrubu za mbao, T20 mara nyingi ni ya milimita 4, T25 ya milimita 5, na T30 ya milimita 6.

Angalia pia urefu. Biti fupi za milimita 25 hazina mfuo wa kushikwa na mdomo wa impakti; zinahitaji kishikio chenye sumaku. Za milimita 50 zina mfuo huo na zinaingia moja kwa moja. Ukifunga bolti kwa soketi, tumia zile nyeusi zilizotengenezwa kwa ajili ya impakti. Soketi zinazong'aa za spana ya mkono zinaweza kupasuka, na kipande kinachoruka kinatafuta jicho.

SWALI: Impakti ina nguvu kuliko drili yangu. Kwa nini nisiitumie kutobolea hata zege?

JIBU: Zege hapana. Mapigo yake ni ya mzunguko, hayapigi kwenda mbele, na zege linataka kupigwa kwenda mbele. Mbao na bati jembamba inatoboa, mradi biti iwe na shina la pembe sita la milimita 6.35. Kwa chuma kinene au tundu kubwa rudi kwenye drili: mapigo ya impakti hukata biti za namna hiyo pale shina linapoungana na mwili.

SWALI: Biti ya zege ya milimita 10 ilitoboa nusu ikagoma, ncha ikawa nyekundu, na kile kipande cha mbele kikang'oka.

JIBU: Umekutana na nondo. Kipande cha mbele ni kabaidi, kitu kigumu sana, kilichounganishwa kwa kuyeyusha madini laini kuliko chuma. Kinavunja jiwe, hakikati nondo, na joto likipanda muunganiko unalegea. Mashine ikiacha kuingia ghafla na unga ukakoma kutoka, simama papo hapo. Sogeza tundu, au kata nondo kwa biti nyingine baada ya kumuuliza mjenzi kama nondo hiyo inaruhusiwa kuguswa. Kama kazi yako ni ya nguzo na mihimili, nunua biti za SDS (za shina lenye mifuo, za drili ya nyundo) zenye kichwa kizima cha kabaidi na makali manne. Zikigusa nondo pembeni hazinasi kirahisi kama za makali mawili.

Usianze na tundu dogo ukalipanua kwa biti kubwa ya zege. Pembe za kabaidi zitabeba mzigo wote, nazo ndizo zinazovunjika kwanza. Kila baada ya sentimita chache vuta biti nje unga utoke. Na kwenye vigae zima kugonga kabisa.

SWALI: Dukani nitaijuaje biti nzuri? Na je, seti kubwa ni bora?

JIBU: Soma shina: biti isiyoandikwa kipenyo wala aina ya chuma iache. Maandishi DIN 338 yanataja vipimo na urefu wa kawaida wa biti za chuma. Peke yake hayathibitishi ubora. Kwa biti za zege, alama ya PGM inaonyesha kipimo cha ncha kimekaguliwa kwa ajili ya matundu ya angkabolti, yaani bolti za kushikilia vitu kwenye zege. Viringisha biti juu ya kioo cha kaunta, ikirukaruka, imepinda. Itazame ncha kwa mbele: makali mawili yawe na urefu mmoja, na msalaba ukutane katikati. Kali moja likizidi, tundu litakuwa kubwa kuliko biti.

Seti ya vipande 19, milimita 1 hadi 10 kwa hatua za nusu, inafaa karakana inayoanza. Baada ya hapo utagundua kwamba 3, 4, 5 na 6 zinaisha na nyingine hazijaguswa. Hizo nne nunua rejareja, tano tano, za chuma bora. Seti za vipande mia zilizochanganya mbao, zege na chuma kwenye sanduku moja hatuzipendekezi.

SWALI: Nikinoa biti ya kobalti kwenye jiwe la grainda, niichovye majini?

JIBU: Usichovye ikiwa moto sana, itapata nyufa usizoziona. Gusa jiwe kidogo kidogo, iache ipoe kwa hewa, kisha endelea. Nyuma ya kali pateremke digrii 8 hadi 12. Pasipoteremka, mgongo utasugua chuma kabla kali halijakigusa, na biti itapata moto bila kukata hata kama inaonekana kali kwa macho.