Picha Isiyo na Stelingi

Jumapili asubuhi, vumbi la uwanjani bado liko masikioni, nilipokea ujumbe wa msomaji kutoka Mpwapwa. Ameandika: "Dada, shikamoo. Nasoma uchambuzi wako wa filamu. Nami nataka niwe mchambuzi. Nina simu na bando la wiki tu. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeniuliza siku yenyewe, kwa sababu usiku wa kuamkia hiyo Jumapili nilipata kitu nilichokihangaikia miaka mitatu, na hadi sasa ninavyoandika sijatulia. Nakujibu hapa ili na wenzako wasome. Najua mko wengi mnaotaka kazi hii na mnaona haya kuisema mbele za watu.

Jumamosi nilionyesha filamu ya Yaaba uwanjani kwetu Chang'ombe. Mashuka mawili meupe tuliyashona pamoja, tukayatundika kati ya mwarobaini na nondo za dirisha, na pindo la chini tukalifunga mawe, maana upepo wa Dodoma mnaujua. Projekta ya kuazima, spika ya kukodi. Walikuja watu arobaini na kitu, wengine na vigoda vyao, watoto kwenye mkeka mbele. Ni filamu ya Burkina Faso ya mwaka 1989, aliyoiongoza Idrissa Ouédraogo, na watu wake wanazungumza Kimoore. Hamna risasi hata moja wala gari la kukimbizana. Stelingi, yule shujaa wa picha, ukimtafuta humwoni: kuna mtoto anaitwa Bila, na bibi kizee anaitwa Sana ambaye kijiji kizima kinamwita mchawi. Basi. Na hakuna aliyeondoka mpaka mwisho.

Ili uelewe kwa nini nimelia kwa jambo dogo hivyo, lazima nikurudishe Majengo, mwaka 2004. Nina miaka kumi na moja. Kaka yangu alikuwa msimamizi wa kibanda umiza, kile chumba cha kuonyeshea video, kiingilio shilingi 100, na mimi niliruhusiwa kuingia bure kwa sababu nilifagia. Msichana peke yangu, nakaa kando ya mlango juu ya kreti la soda. Mikanda yote ilikuwa ya kutafsiriwa. Wale watafsiri walikuwa mafundi, sitawavunjia heshima, lakini walikuwa hawanyamazi. Mtu akinyanyua kikombe tunaambiwa ananyanyua kikombe. Akiingia mtu mlangoni tunaambiwa huyu ndiye adui, ana roho mbaya, atakufa baadaye. Na stelingi hafi, hilo tulilijua kabla hatujalipa.

Siku moja spika ikafa katikati ya picha ya Kihindi ambayo jina lake silikumbuki. Vijana wakapiga kelele, wakadai hela zao, kaka akatoka nao nje kugombana. Nikabaki na skrini isiyo na sauti. Ndipo nikamwona mama wa adui. Yuko nyuma kabisa ya chumba, anakunja shati la mwanawe. Analikunja, analikunjua, analikunja tena upya. Mtafsiri asingemtaja hata kidogo, maana hakuwa na la kusema yule mama. Lakini nikajua pale pale kwamba anajua mwanawe amefanya nini, na kwamba hatamtaja kwa askari. Nilikuwa mtoto na nilikijua kitu ambacho watu wazima waliolipa hawakukijua. Kile kiburi sijakisahau. Ndicho kinachonifanya niandike hadi leo.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza huo hapo: itazame mara mbili, na mara ya pili zima sauti. Simu yako inatosha. Bando likiisha, rudia hiyo hiyo uliyoipakua.

Miaka ya katikati naipita. Shule, duka la kukodisha CD, nyumba za kupanga; hayana faida kwako.

Mwaka 2017 mwalimu mmoja wa chuo, mteja wangu, aliniazima flashi yenye filamu ya Mtanzania mwenzetu, Flora M'mbugu-Schelling. Inaitwa These Hands, ya mwaka 1992, kama dakika arobaini na tano hivi. Ni wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji wanaoponda kokoto kwenye machimbo nje ya Dar es Salaam. Hakuna msimulizi anayekueleza uhurumie wapi. Wanaponda, watoto wako pembeni, jua linapanda, wanaponda. Baadaye wanaimba na kucheza.

Sasa, shangazi yangu aliyenilea alikuwa anaponda kokoto huku chini ya vilima vya Ntyuka. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli kweli, kila mtu akawa anajenga, na kokoto zikawa kama mahindi msimu wa njaa. Nilikuwa namsaidia jioni. Jiwe unalizungushia pete ya mpira wa tairi lisiruke, unashika kwa vidole vya mkono wa kushoto, unapiga. Jiwe linalokaribia kupasuka linabadilisha sauti. Kabla ya hapo linalia kikavu, tki, tki. Likishaanza kukubali linatoa sauti nzito kidogo, kama limejaa maji. Mpondaji anasikia hilo na anapunguza nguvu, la sivyo nyundo inapitiliza hadi kwenye vidole. Shangazi alikuwa na kucha mbili tu nzima mkono wa kushoto.

Nilipoitazama ile filamu nikawa nasikia mawe. Nikaelewa kwa nini kamera inakaa pale pale bila kuhama. Kukata picha haraka kungekuwa uongo, kwa sababu hiyo kazi yenyewe haikatiki. Ungeonyesha mapigo matatu ukahama, mtazamaji angedhani jiwe linapasuka kwa mapigo matatu. Mwongozaji alitaka tuchoke, na tuchoke kidogo tu, sehemu ndogo ya wanavyochoka wale.

Nikaandika kurasa sita. Usiku, kwa mkono, kisha nikachapa kwenye kompyuta ya stationari kwa kulipia kila ukurasa. Nikapeleka kwenye gazeti moja, silitaji. Mhariri akanipigia, nikadhani ni heri. Akasema, "Dada, umeandika vizuri, lakini filamu yenyewe haina hadithi. Nani atasoma habari za wanawake wanaoponda kokoto? Niletee hawa waigizaji wetu, nani kaachana na nani." Nikamjibu asante. Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi za duka la mtu mpaka taa za barabarani zikawaka. Ni miaka mingi sasa na bado naikumbuka ile sauti, ya upole kabisa. Angenifokea ingekuwa afadhali.

Haina hadithi! Shangazi yangu alisomesha watoto watatu kwa hiyo nyundo.

Miaka mitatu iliyopita nikasema basi, nitawaonyesha watu mwenyewe. Uwanja huo huo, filamu hiyo hiyo ya kokoto. Walikuja watu ishirini, wakabaki watatu, na mmoja kati ya hao watatu alikuwa amelala. Kijana mmoja alipokuwa anatoka alisema kwa sauti, "Hii siyo picha, hii ni adhabu." Nilifua lile shuka usiku uleule ingawa halikuwa limechafuka.

Kwa muda mrefu niliwalaumu watazamaji. Nilisema watu wa mji huu hawana macho. Niliyasema hayo hata kwa jirani zangu, na nimewaomba radhi. Kosa lilikuwa langu. Kabla ya kuwasha projekta nilisimama mbele nikahutubia nusu saa nzima: filamu hii inahusu nini, mwongozaji alikusudia nini, msikilize wapi, mhuzunike wapi. Nilikuwa nimegeuka yule mtafsiri wa Majengo. Nilishawamalizia picha kabla haijaanza, halafu nikashangaa kwa nini wanaondoka.

Kwa hiyo Jumamosi nilifanya kinyume. Nakala ya Yaaba niliyonayo ina maandishi ya Kifaransa chini, na Kifaransa chenyewe nimekihangaikia kwa kamusi wiki tatu ili niweze kutafsiri. Nilikaa pembeni ya shuka na maikrofoni, na nilijiwekea sharti: natafsiri maneno yaliyosemwa tu. Wakinyamaza wao, nanyamaza mimi. Mdogo wangu, ni vigumu kuliko unavyofikiri! Kuna mahali nilijiuma ulimi.

Kuna sehemu ambapo binamu yake Bila, msichana anayeitwa Nopoko, anaugua vibaya, na yule bibi, ambaye wamekwisha kumchomea kibanda chake, anakwenda mbali kwa miguu kumtafuta mganga wa kumtibu. Kamera iko mbali. Uwanda mkavu, miti michache, na mtu mdogo sana anatembea. Ni nchi kama ya kwenda Bahi wakati wa kiangazi, ungedhani imepigwa hapo. Upepo ukapita, shuka likatikisika, na yule bibi akawa kama anayumba kwenye mashuka yetu. Kimya. Nimenyamaza. Hata watoto wamenyamaza.

Ndipo bibi mmoja wa jirani, Mgogo wa miaka themanini hivi, aliyefika na kutusalimu wote "Mbukwenyi" kisha akakaa kimya tangu mwanzo, akasema kama anajisemea: "Huyo hajala tangu jana. Angalieni mgongo. Aliyeshiba haendi hivyo."

Nimeitazama Yaaba mara tisa. Nimejaza daftari zima. Nimeandika kuhusu mwanga, kuhusu muziki wa Francis Bebey, kuhusu watoto wanavyokimbia. Sijawahi kuona kwamba Sana ana njaa. Niliporudi nyumbani nikairudisha sehemu ile, nikaitazama, na ni kweli. Fatimata Sanga, aliyecheza nafasi hiyo, anatembea hatua fupi, mgongo umetangulia, mikono haipigi. Yule bibi jirani amezijua njaa za mkoa huu kwa mwili wake, mimi nazijua kwa kusimuliwa.

Hapo ndipo ninapotaka uanzie. Usianze na maneno makubwa. Usianze na wachambuzi wa nje wamesemaje. Anza na kitu unachokijua wewe kuliko watu wengine wote waliokaa mbele ya picha hiyo. Umekua Mpwapwa, sijui kama umechunga, kama umelima karanga, kama mama yako anauza vitumbua. Chochote kile, kipeleke kwenye filamu. Mchunga ng'ombe akitazama picha yenye ng'ombe anajua kama mwigizaji anawaogopa. Fundi cherehani anaona gauni limeshonwa kwa haraka. Andika hilo kwanza, kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote. Kisha itazame tena. Nimeshasema mara mbili, nasema tena: itazame tena.

Na tuache hizi tabia, ndugu zangu, nawaomba. Mtu ameona kionjo cha dakika mbili, amekwisha kuandika uchambuzi. Mwingine anahesabu bajeti. Mwingine anaandika ndoa za waigizaji na kuita kazi hiyo uhakiki. Ilipotoka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji mwaka 2021, filamu ya Kiswahili iliyofika hadi tamasha la Toronto, nilikutana na watu wenye elimu zao ambao neno lao lilikuwa moja tu: "Kwenye kitabu haiko hivi." Najua haiko hivi! Riwaya ya Adam Shafi ni ya Adam Shafi, ina kurasa zake za kumkuza Yasmini, mhusika wake mkuu, taratibu. Filamu ina uso wa msichana, giza la Unguja ya ukoloni na taa moja. Uliza hiyo taa inafanya nini pale. Ukishindwa kujibu, itazame tena, na kama umeshindwa mara ya pili, sema umeshindwa, lakini usiniletee namba za kurasa za kitabu.

Tunalalamika kwamba filamu zetu hazithaminiwi. Nani azithamini? Filamu ya dada yetu kuhusu kokoto ina zaidi ya miaka thelathini, na nyumba za mji huu zimejengwa kwa kokoto. Nikiwauliza watu kumi hapa Nyerere Square nani ameiona, sitampata. Sitangoja tena mhariri. Kurasa zangu sita bado ninazo, nitazichapa hapa mwezi ujao kama zilivyo, na makosa yake.

Usiniulize kamera ya kununua wala kozi ya kusoma. Daftari, kalamu, filamu moja, mara mbili.

Jumamosi, watu walipokuwa wanabeba vigoda vyao, bibi alibaki amekaa. Nikadhani amechoka, nikamwendea nimsaidie kuinuka. Akanishika mkono, akasema, "Mjukuu wangu, mimi macho yangu yalikuwa kwa yule mtoto, Bila. Bibi mwenzangu sikumtazama vizuri mpaka alipoanza kutembea. Mtairudia lini?"

Projekta inatakiwa kwa mwenyewe Ijumaa. Kwa hiyo ni Alhamisi, saa moja na nusu usiku, uwanja uleule, na aliye karibu aje na kigoda chake.