Kwa upinde wa ratili 45, chukua kigumba cha nyembe zisizokunjika

Ndugu yangu, umesema upinde wako wa kisasa una nguvu ya kuvuta ya ratili 45, unajiandaa kuwinda kulungu wa mkia mweupe huko Ohio, Marekani, na umekwama kati ya kigumba (ncha ya chuma ya mshale) chenye nyembe zinazofunguka kinapogonga mnyama na kile ambacho nyembe zake zimekazwa moja kwa moja. Chukua cha pili.

Nyembe zinazofunguka hukaa zimekunjwa hewani, ndiyo maana mshale huruka karibu sawa na ule wa mazoezi. Hukata jeraha pana na damu ya kufuatia huwa nyingi. Lakini kazi ya kuzifungua inakula nguvu ya mshale, na wewe huna ya kupoteza. Mnyama akikaa mshazari na ukagonga mfupa, mshale unaweza kuishia njiani. Mwenye ratili 65 ana nafasi ya kuchagua.

Kigumba nilichokushauri kina adabu zake: upinde usipopangwa vizuri, nyembe hushika upepo na mshale huenda kombo. Kwa hiyo jaribu vigumba vyenyewe kwenye shabaha kabla ya msimu, vyenye uzito uleule wa vile vya mazoezi, kisha noa au badilisha nyembe. Wembe butu humtesa mnyama, na hilo halikubaliki kabisa.

Soma pia kanuni za jimbo kuhusu upana wa kigumba. Ukishapiga mapafu, subiri nusu saa kabla ya kufuata damu. Ukishuku umepiga tumbo, subiri saa nyingi zaidi.