Nani Anayepanga Saa ya Gari la Taka?

SWALI: Mtaani kwetu gari la taka halina saa. Mara hupita saa kumi alfajiri likipiga honi hadi watoto wanaamka, mara saa nane mchana sote tukiwa kazini. Tukiacha viroba nje usiku, kunguru na mbwa huvipasua, na mwezi uliopita jirani yangu alitozwa faini kwa uchafu huo. Mkandarasi anasema ratiba ni yake. Je, halmashauri haina mamlaka juu ya saa hizo?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, mamlaka inayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, nayo Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inaziruhusu kutunga sheria ndogo, ambazo huidhinishwa na waziri mwenye dhamana na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kampuni binafsi zilipoanza kuzoa taka jijini mwaka 1994, zilichokabidhiwa ni kazi. Jukumu lilibaki kwa halmashauri, na mkandarasi hufuata mkataba aliopewa nayo.

Gari kuja alfajiri kuna sababu: dampo la Pugu Kinyamwezi liko mbali na mitaa mingi, na dereva akinaswa na foleni ya asubuhi hupoteza safari nzima. Lakini alfajiri inayojulikana, bila honi, ni tofauti kabisa na gari la kubahatisha. Kuhusu faini, nasema wazi kwamba si haki kumwadhibu mkazi kwa kutoa kiroba mapema ilhali hakuna aliyemwambia gari litapita lini, kwa kuwa saa ya kutoa taka na saa ya kuzizoa lazima zipangwe pamoja.

Muulizeni mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata nakala ya sheria ndogo pamoja na ratiba ya mkandarasi. Wakisita, ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inataka mwombaji ajibiwe ndani ya siku 30. Ikiwa sheria ndogo haitaji saa, ifikisheni hoja hiyo kwenye mkutano wa mtaa, kisha kwa diwani aipeleke barazani, mkiambatanisha orodha ya mwezi mzima ya tarehe na saa ambazo gari lilipita.