Nipeli ikitazama chini, breki hutapata

Siku mbili nzima nilikanyaga pedali ya breki ya gari nililojiundia nyumbani, na siku mbili nzima ikazama kama godoro kuukuu. Mafuta ya breki yalikwisha chupa mbili. Nikailaumu masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, nikaifungua, nikairudisha. Jioni ya pili nimelala chini ya gari nafuta yaliyomwagika, ndipo nikaiona nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, kwenye kalipa ya mbele, kile kifaa kinachobana pedi za breki: inatazama chini.

Kalipa ya kushoto nilikuwa nimeifunga kulia, na ya kulia kushoto. Ubaya wake ni kwamba zinaingia vizuri tu. Bolti zinakaa, pedi zinakaa, hakuna kinachogoma. Lakini upepo ulionaswa ndani ya mafuta, ambao ndio unaoizamisha pedali, hupanda juu. Nipeli ikiwa chini, mafuta yanatoka na upepo unabaki palepale darini mwa silinda ya kalipa. Nilizibadilisha pande, na kabla ya saa moja kwisha pedali ilikuwa ngumu. Basi kabla hujafungua chupa, zunguka magurudumu yote uhakikishe kila nipeli iko juu.

Mabomba ya kupitishia mafuta ya breki ndiyo yatakayokula muda wako. Mimi nilitumia ya milimita 4.75, ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Yanapinda kwa mkono na hayashiki kutu. Shaba tupu ni laini zaidi, ila mtikisiko huifanya iwe ngumu na mwisho ipasuke, kwa hiyo niliiacha. Ukishakata bomba, safisha mdomo, ingiza nati, ndipo uupanue mdomo kwa kifaa chake. Nati kwanza! Mimi niliisahau mara tatu, na kila mara nikalazimika kuukata mdomo mzuri na kuanza upya.

Umbo la mdomo lifanane na kiti chake, yaani pale mdomo unapokaa ndani ya tundu. Kuna unaovimba kwa nje na kuna unaokunjwa mara mbili kwa ndani. Ukichanganya, nati itakaza lakini mafuta yatavuja. Na nati za milimita 10 zinafanana mno na za inchi 3/8. Anza kukaza kwa vidole. Ikikataa, au ikicheza ndani ya tundu, usiilazimishe kwa spana.

Mipira ya breki, ile mirija laini inayopeleka mafuta gurudumuni, uipime gari likiwa juu ya stendi: zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili, pandisha na kushusha gurudumu, huku ukitazama kama mpira unavutika au unagusa tairi.

Kwenye kutoa upepo, mwanangu ndiye aliyekuwa mguu wangu. "Kanyaga!" "Nimekanyaga, baba!" Nafungua nipeli, pedali inashuka, nafunga, ndipo namwambia aachie. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi ndani. Kwa kawaida anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na usikubali kopo la mafuta lililo juu ya masta silinda likauke, maana utaanza upya.

Nilitumia mafuta ya breki ya aina ya DOT 4. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani: yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishalowa kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Chupa iliyokaa wazi muda mrefu achana nayo. Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji hapohapo. DOT 5 ya silikoni usiichanganye nayo kabisa.

Mwisho, funga tishu kwenye kila kiungo, kanyaga kwa nguvu zako zote, shikilia dakika moja, kisha uziache hadi asubuhi. Mimi nilikuta tishu moja tu ina doa, ya gurudumu la nyuma kulia. Sikuongeza kukaza. Nilikata mdomo, nikaupanua upya, na safari hii nati ilikuwa imeshaingia.