Kwa mwanangu Zuhura: nyumba ya Raskazone na ile ya Chumbageni

Muheza, Jumatatu

Mwanangu Zuhura,

Barua yako imenifikia pamoja na zile picha na michoro miwili uliyoichora kwa penseli, nami nimeipitia yote mara mbili, mara ya pili nikiwa na rula mkononi. Umeniomba nikujibu kama mtu aliyefanya kazi ya ujenzi miaka thelathini na miwili, si kama baba tu, mchukue nyumba ipi kati ya hizo mbili za miaka ya 1950 mjini Tanga: ile ya ghorofa ya Raskazone, ambayo unasema uliipenda ukiwa bado barabarani, au ile ya Chumbageni, ambayo mumeo Salim anaitaka kwa ukubwa wa vyumba vyake lakini wewe unaona imekaa kama ghala la mkonge. Unauliza mtu anunue sura au anunue nafasi. Nitakujibu kwa urefu kidogo, uniwie radhi.

Nianze na ile ya Raskazone, usije ukadhani naidharau. Najua Salim amekwisha kukusomea kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini methali hiyo haiitendei haki nyumba hii, kwa kuwa sehemu kubwa ya urembo wake ina kazi. Ule ukingo wa zege uliotokeza futi nne juu ya madirisha haukuwekwa ili upigwe picha. Tanga iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri haliendi mbali na utosi mwaka mzima, na ukingo wa kiasi hicho unatosha kuziweka kuta za kaskazini na kusini kivulini saa ambazo joto ni kali. Ule ukuta wa matofali ya matundu penye ngazi nao unapitisha upepo, uwe kusi au kaskazi, huku ukilipunguza jua na kuyazuia macho ya wapita njia. Waliochora nyumba za kipindi kile katika mwambao wetu, kina Anthony Almeida wa Dar es Salaam na wenzao, hawakuwa na kiyoyozi cha kutegemea, kwa hiyo kivuli na upepo vilianza kwenye karatasi. Sura ya namna hiyo ni sehemu ya nafasi, maana chumba chenye kivuli watu hukikalia, na chenye jua hukihama.

Sasa tazama ukuta mmoja ambao haukufuata kanuni hiyo. Umeniandikia kwa furaha kwamba ukiwa umekaa sebuleni unaona machweo yote kupitia kioo kinachoanzia sakafuni hadi darini. Mwanangu, sebule inayoona machweo ni sebule inayotazama magharibi, na jua la magharibi halizuiwi na ukingo wa futi nne, kwa sababu linaingia likiwa limelala. Kuanzia saa 9 alasiri hadi karibu na magharibi, kioo hicho kitapitisha joto bila kizuizi, nanyi mtafunga mapazia mazito kila siku saa zile zile ambazo mngeyafaidi mandhari mliyoyalipia. Naona katika picha ya nne kwamba kochi la mwenye nyumba limepauka upande mmoja.

Jambo la pili ndilo zito zaidi. Nyumba huchorwa kwa ajili ya maisha ya watu fulani, na maisha hayo hubaki ndani ya kuta hata wao wakiondoka. Ukiusoma mchoro wa Raskazone, unamwona bwana na bibi wa wakati mkonge ulipokuwa dhahabu ya kijani, pengine na mtoto mmoja aliyepelekwa shule ya mbali, wenye wageni wengi jioni, na mpishi anayelala katika banda la uani. Ndiyo maana sebule ni futi 18 kwa 24, na jiko ni futi 7 kwa 8. Sebule inakaribia ukubwa wa majiko manane! Bibi yule hakuwa na haja ya jiko kubwa, kwa kuwa hakuingia humo ila kutoa maagizo. Ninyi ni watu wazima watatu, mkimhesabu mama yake Salim, na watoto watatu, na Ijumaa hampiki wali wa watu sita peke yao.

Hili silisemi kwa kusikia. Mwaka 1988, tulipohamia Morogoro, nilinunua nyumba ndogo ya umri huo huo kwa sababu ya kibaraza chake cha nusu duara, na mama yako aliponiuliza jiko liko wapi nilimwonyesha kwa mkono nikaendelea kukisifia kibaraza. Tulipoleta friji tukagundua kwamba mlango wake haufunguki mpaka mtu aliyesimama mbele ya jiko la mkaa atoke nje. Kwa miaka sita, kila aliyetaka maji ya baridi alisimama mlangoni akasema "hodi", mama yako akatoka na mwiko mkononi, mtu akachukua chupa, kisha mama yako akarudi ndani. Watu waliopita njiani waliisifia nyumba ile. Mimi mwenyewe, baada ya mwezi wa pili, sikumbuki kama nilikitazama tena kile kibaraza.

Hata hiyo sebule kubwa usiipokee kwa futi zake. Nimehesabu milango katika mchoro wako: mlango wa mbele, wa jiko, wa chumba cha kulia, wa choo cha wageni, na pale inapoanzia ngazi. Ukiunganisha njia za kutoka mlango mmoja kwenda mwingine, kisha ukautoa ukuta wa kioo ambao hauwezi kuegemezwa kabati, unabaki na kona moja ya kuweka makochi. Nyumba nyingi za mtindo ule ziko hivyo: zinapendeza zikiwa tupu.

Vyumba vya juu navyo ni vitatu, kila kimoja futi 9 kwa 10. Weka kitanda cha 5 kwa 6 pamoja na ubao wake wa kichwani, umekwisha kutumia futi sita na nusu za urefu. Zikibaki futi tatu na nusu, kabati linachukua mbili, na mbele yake inabaki futi moja na nusu, ambayo haitoshi kufungua mlango wa kabati huku umesimama mbele yake. Juu ya vyumba hivyo hakuna nafasi ya hewa bali zege tupu, na zege lililoota jua mchana kutwa hulitoa joto hilo polepole usiku, wakati watoto wanapotaka kulala. Sijaitaja ile ngazi inayosifiwa na kila mgeni, yenye vipandio vilivyo wazi katikati. Pima uwazi wa kipandio kimoja hadi kingine, kisha mpime kitindamimba kichwa. Mama yake Salim na magoti yake sidhani kama atapanda huko zaidi ya mara moja kwa siku.

Halafu kuna chumvi. Nyumba iko karibu sana na bahari, na zege jembamba la wakati ule mara nyingi lilifunika nondo kwa unene mdogo. Chumvi hupenya taratibu hadi kwenye chuma, chuma hushika kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka kutoka ndani. Vinavyoanza kuharibika ni vile vile vilivyokuvutia: kingo, mabawa ya madirisha, vibaraza, pamoja na fremu za madirisha za chuma. Katika picha ya saba, chini ya ukingo, nimeona mstari wa rangi ya karoti ambao umepakwa chokaa juu yake si muda mrefu uliopita.

Ile ya Chumbageni nimeitafutia kasoro kwa bidii ile ile, na ninazo. Ukubwa aliokutajia dalali usiuchukue wote, kwa sababu chumba cha tatu kinaingiwa kwa kupitia cha pili, kwa hiyo hicho cha pili ni nusu chumba na nusu korido mpaka mtoboe mlango mwingine upande wa varanda. Kuutoboa kunawezekana, lakini ukuta ule unabeba paa, na fundi hataugusa kabla ya kuweka linta, yaani boriti ya kubeba uzito juu ya mlango. Mabati yamechoka. Sura yake nakubaliana nawe: ukuta bapa, madirisha mawili, mlango katikati, basi.

Lakini ilijengwa na mtu mwenye familia ya vizazi vitatu, na inaonekana. Jiko ni futi 12 kwa 14 na linafungukia uani, palipo na bomba na kivuli, ambapo watu wanne wanaweza kukaa wakamenya, wakapeta na kuzungumza bila kupishana. Varanda ya nyuma ina upana wa futi nane, na futi nane ni meza pamoja na viti vilivyovutwa, au mikeka miwili wakati wa kufuturu. Dari iko futi kumi na moja juu, joto linapanda huko na kuwaacha ninyi chini. Hakuna ngazi. Sura unaweza kuiongeza kwa miaka miwili mitatu: ukuta wa uzio wa matofali ya matundu, upenu juu ya yale madirisha mawili, mti mmoja. Nakuomba tu usibandike mawe ya bandia mbele kama lile geti jipya la jirani yangu, ambalo limeifanya nyumba ifanane na benki.

Kwa hiyo, pamoja na ile tofauti ya shilingi milioni 40 uliyoitaja, nikiwa mahali penu ningechukua ya Chumbageni. Mngekuwa wawili, kama mlivyokuwa mlipooana, ningekwambia ununue ya Raskazone, utenge fedha za ukarabati wa zege kila mwaka, na uning'inize pazia la ukili nje ya kile kioo.

Kabla ya kulipa hata shilingi, fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati. Majengo mengi ya umri huo yalitaifishwa mwaka 1971 yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, kisha mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa, na njiani humo karatasi nyingi zilipita mikono mingi. Angalieni pia hati ni ya miaka mingapi, 33, 66 au 99, na imebaki mingapi.

Mimi nitakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi, na tepu yangu na nyundo ndogo. Ya Chumbageni tutaiona kwanza, tukiwa na chaki, ili tuchore vitanda na meza sakafuni kwa vipimo vyake. Ya Raskazone mwambie dalali sitaki kuiona asubuhi kama alivyokuonyesha wewe. Atufungulie sebule saa 10 alasiri, na mapazia yawe wazi.

Nisalimie Salim na mama yake, na uwabusu wajukuu zangu.

Baba yako