Kupeleka programu ya muziki kwenye kivinjari: shughulika na sauti kwanza

Ndugu, nimekuelewa: programu yako ya muziki uliyoiunda kwa Electron (zana ya kutengeneza programu za kompyuta kwa teknolojia za wavuti) inakwenda vizuri kwenye kompyuta, na sasa unataka watu waifungue kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote.

Electron ndani yake ni Chromium, kivinjari ambacho Chrome imejengwa juu yake, kwa hiyo kurasa na vitufe vitahama karibu jinsi vilivyo. Kisichohama ni upande wa Node.js, yaani sehemu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, hasa kusoma na kuandika faili kwenye diski. Vitafute vipande hivyo kwenye kodi (maandishi ya programu), uvikusanye sehemu moja. Nyimbo za kusikiliza bila intaneti ziweke IndexedDB, hifadhi ya data iliyo ndani ya kivinjari, ila kivinjari kinaweza kuzifuta nafasi ikibana.

Sauti ndiyo itakayokutoa jasho. Tangu 2018 Chrome huzuia sauti kuanza yenyewe kabla mtu hajagusa ukurasa. AudioContext, yaani chombo cha kivinjari kinachoendesha sauti, ukiiunda mapema hubaki "suspended" (imesimamishwa): kitufe kinaonyesha wimbo unacheza, spika kimya. Ita resume(), amri ya kuiendeleza, ndani ya kitufe chenyewe cha kucheza. Halafu kuna CORS, kanuni ya kivinjari kuhusu tovuti zipi zinaruhusiwa kusoma data ya seva nyingine. Seva ya nyimbo isipoiruhusu tovuti yako, fetch (amri ya kuchukua data) itagoma, hata kama kwenye kompyuta ilikuwa inapita. Rekebisha seva, kumwambia msikilizaji azime ulinzi wa kivinjari si suluhisho.

Funguo za siri zibaki kwenye seva, maana kodi ya ukurasa husomwa na yeyote.

Na kama nyimbo si zako, ruhusa ya programu ya kompyuta huenda isihusu wavuti. Hapo muone mwanasheria wa hakimiliki kabla hujaifungua kwa umma.